Hasira ya mpaka wa kihamba

Ukikuta masale, ile mimea ya mpaka kwa Wachagga, yameng'olewa na kupandwa hatua mbili ndani ya kihamba chako, yaani shamba la ukoo, hasira inapanda. Wengi watakwambia uitulize kwanza ndipo uamue. Mimi naona hasira hiyo ni sehemu ya uamuzi wenyewe, ila lazima ihojiwe.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika kitabu kilichotoka 1739 na 1740, alishikilia kwamba akili peke yake haimsukumi mtu kutenda. Akili itakuonyesha masale yamehama hatua mbili. Kwamba jirani amekukosea, hilo unalijua kwa uchungu unaousikia. Ondoa uchungu wote, unabaki na vipimo vya shamba tu.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishaichambua hasira zamani: ina maumivu, ina hamu ya kulipiza, na ina imani kwamba umedharauliwa pasipo haki. Hiyo imani ndiyo ya kuhoji, maana inaweza kuwa ya uongo. Nani aliyeng'oa? Kwa makusudi, au kibarua wa kupalilia migomba alirudishia mahali siko? Ukijua ni kibarua, hasira inashuka bila mtu kukubembeleza.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliona hasira ina hatua tatu. Kwanza mshtuko, moyo kwenda mbio. Huo hauko mikononi mwako. Pili, nafsi inakubali: "nimedharauliwa." Tatu, inataka kisasi, iwe haki isiwe haki. Pa kushika ni ile ya pili, na dawa yake ni kuchelewa. Ila kuchelewa bila kuuliza hakusaidii: mtu hulala na hasira akaamka nayo imekomaa.

Kwa mzee anayeitwa kusuluhisha, shida ni nyingine. Hume alikiri kwamba huruma huelemea walio karibu nasi, kwa hiyo tunapohukumu inabidi tusimame mahali ambapo hata mgeni angeweza kusimama. Adam Smith, mwanafalsafa mwenzake wa Uskoti, mwaka 1759 alimweka hapo mtazamaji asiyependelea, mtu wa kufikirika. Kwa vitendo: kama wanaogombana ni mpwa wako na jirani, badilisha majina. Mpe mpwa wako kosa la jirani, na jirani haki ya mpwa wako. Kiasi cha hasira kinachopungua kilikuwa ni undugu.

Jaribio hili lina mahali linaposhindwa, na hapo ndipo panaponiuma. Binti akinyimwa kihamba cha baba yake, wazee watabadilisha majina yote, waweke binti wa huyu na binti wa yule, na hakuna atakayeshtuka, kwa sababu mazoea yao ni mamoja. Utulivu wa namna hiyo si kutopendelea. Mtazamaji wa Smith anatakiwa aijue hali ya mtu kwa undani, mpaka vitu vidogo. Kwa hiyo binti aketishwe kikaoni, aonyeshe migomba aliyopanda na mfereji aliouzibua, aseme atalala wapi mwezi ujao. Kisha kila mzee aulizwe, mbele yake, kama bado hasikii kitu.