Nilirudi nyumbani kabla ya nadhiri

Jumamosi kwenye jumuiya, tumeshamaliza kusali na matangazo tumeshasomewa, akina mama tuko mlangoni tunavaa viatu, mmoja akasema kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu anaisikia, jamani mmesikia yule binti wa kule juu amerudi kutoka kwa masista? Mwingine akauliza, kwani amefanya nini? Hakuuliza imekuwaje, kauliza amefanya nini, yaani kosa tayari lipo, linatafutwa jina tu. Nikavaa viatu nikaondoka bila hata kuaga vizuri, nimefika nyumbani nimekaa kitandani na Biblia mkononi, moyo unanienda mbio kama vile nimesemwa mimi. Na kwa kweli nilikuwa mimi, miaka 11 iliyopita.

Wengi wanaonijua leo wananijua kama fundi cherehani, nashona sare za kwaya na kanzu za watumikiaji wa altare, basi. Hawajui nimekaa utawani, kwa masista, miaka 4. Mwaka mmoja aspiranti, mmoja postulanti, hizo ni hatua za mwanzo, miwili novisi, yaani anayelelewa na kupimwa kabla ya nadhiri, na shela nyeupe kichwani, alafu nikatoka imebaki miezi miwili tu niweke nadhiri za kwanza. Sijawahi kuandika habari hii mahali popote ila naona sasa nimechelewa.

Siku naondoka kwetu Kibosho, mlimani Kilimanjaro, baba alichinja mbuzi wawili, mbege ikapikwa, ukoo mzima ulichanga, kwaya ikanisindikiza mpaka barabarani wakiimba na mimi niko katikati na sanduku langu la bati. Bibi akanivua rozari yake shingoni akanivisha mimi. Nilikuwa na furaha ya kweli, naomba nieleweke, sikuigiza. Kwetu kumtoa binti utawani ni heshima na mimi bado naiona ni heshima, mashule na zahanati ngapi mlimani zimesimama kwa mikono ya masista. Lakini sasa nikiikumbuka ile siku naona hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba naweza kurudi, wala mimi halikuwahi kunijia kichwani.

Kule unovisi nilijifunza kusali, nilijifunza kunyamaza, cherehani nilijifunzia kule kule. Sikuteswa na wala sina kisa cha kusimulia, na hili watu hawaliamini kabisa, wanataka lazima kiwepo kisa. Ilikuwa tu kila nikijiona niko mbele ya altare nasoma zile nadhiri, ufukara, useja na utii, kifua kinabana, nikafikiri ni shetani, nikafunga, nikasali novena, zile sala za siku tisa, moja baada ya nyingine, kifua bado kinabana. Jioni moja tunachambua maharage mlezi wetu wa manovisi akaniuliza taratibu bila hata kuniangalia, mwanangu, ukihakikishiwa leo kwamba baba yako hatakasirika, utabaki? Nikanyamaza. Maharage yakaisha kwenye ungo nimenyamaza. Akasema basi nenda kasali na jibu hilo, siyo lingine. Yule mama Mungu ambariki popote alipo.

Kwenye basi la kurudi konda akaniambia dada sogea kidogo. Miaka 4 hakuna aliyewahi kuniita dada! Na mkono wangu, hiki kitu sikisahau, mkono wangu njia nzima ulikuwa unapanda kwenye paji la uso kuweka sawa shela, unakuta nywele.

Mama alinipokea sanduku akanipashia maji ya kuoga, akapika machalari, hakuniuliza kitu. Baba aliliangalia lile sanduku akasema, "Watu nitawaambia nini?" akaenda shambani, kuanzia pale hakunisemesha miezi 7. Parokiani kuna kiongozi mmoja wa akina mama aliniambia kwa upole kabisa nisijiandikishe kusoma masomo ya misa kwanza, tusubiri watu wazoee. Wazoee nini sikujua. Nikakaa viti vya nyuma karibu mwaka mzima, mimi niliyekuwa nasoma zaburi kila asubuhi saa kumi na moja na nusu.

Kilichoniinua ni vitu viwili na vyote nimevipata ndani ya Kanisa lenyewe, ndo maana nawaandikia.

Cha kwanza, padri mmoja niliyemwendea kuungama aliona ninaungama kutoka unovisi kama dhambi, akanisimamisha. Baada ya kitubio akanionyesha kitabu cha Sheria za Kanisa, ile ya 1983, kanuni ya 653: novisi anaweza kuondoka kwa hiari yake. Nikasoma mara tatu. Akanifungulia 646, kwamba unovisi upo kwa ajili ya kuutambua vizuri wito, kuyaonja yale maisha, na nia ya mtu na kufaa kwake kupimwe. Alafu 219, kwamba waamini wote wana haki ya kuchagua hali yao ya maisha bila kushurutishwa. Na nadhiri zenyewe, 656, zikiwekwa kwa nguvu au kwa woga mkubwa au kwa udanganyifu hazisimami. Sa nikajiuliza, kama nadhiri ya woga siyo nadhiri, mimi ningeenda kumpa nini Mungu siku ile? Woga wangu kwa baba? Ile miaka 2 ilifanya kazi yake yote, ilinipima na ikanijibu, na Kanisa halikuwahi kuniita niliyeshindwa, hilo neno tumelitunga sisi huku kwenye vibaraza vyetu.

Cha pili ni Mtakatifu Bakhita. Picha yake nilikuwa nayo tangu unovisi ila nilikuwa namjua juu juu tu, mtumwa aliyekuja kuwa sista. Binti wa Darfur, Sudan, ameibiwa bado mtoto mdogo, ameuzwa akauzwa tena, mpaka jina alilopewa na wazazi akalisahau, hilo la Bakhita amepewa na waliomteka, na ni lile lile neno letu bahati, fikiria mtoto anapigwa mijeledi anaitwa mwenye bahati. Mwisho akanunuliwa na balozi mdogo wa Italia kule Khartoum na mwaka 1885 akafika Italia, akawa yaya kwenye familia moja, wakamwacha kwa muda kwa masista Wakanosa pale Venice. Mama wa ile familia aliporudi kumchukua, Bakhita akakataa kuondoka. Kesi ikaenda hadi kwa wakubwa wa serikali na Patriarki wa Venice, yaani askofu mkuu wa pale, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba utumwa Italia hautambuliki kisheria kwa hiyo huyu ni mtu huru. Akabatizwa Januari 1890, mwaka 1893 akaingia unovisi, nadhiri akaweka 1896.

Angalieni huo mpangilio jamani. Uhuru kwanza, alafu ubatizo, alafu utawa. Siku ile angeweza kwenda popote duniani, akachagua kubaki pale, na ndo maana kubaki kwake kulikuwa na thamani. Mi nilitumia uhuru ule ule kuondoka, na nilipoelewa hilo nililia sana, kilio cha kupumua. Hata Yohane Paulo II alipotuandikia ule waraka wa 1988 kuhusu wanawake aliuita wa hadhi na wito wa mwanamke, hadhi imetangulia. Wito wangu ukibadilika au ukichelewa kujulikana hadhi iko pale pale, niliipata kwenye maji ya ubatizo, sikuipata kwenye shela.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya la kwangu. Namfahamu dada mmoja aliyetoka baada ya nadhiri, amefundisha watoto wa chekechea miaka 9, siku anaondoka kapewa nauli na shuka mbili. Kanuni ya 702 inasema kweli anayetoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya shirikani, ila hiyo hiyo inaendelea kusema shirika limtendee kwa haki na upendo wa kiinjili. Huo upendo nao ni sheria, siyo hisani! Mwanamke wa miaka 35 hana akaunti benki, hana pa kupanga, hajui bei ya unga, nyumbani anaonekana laana, ataenda wapi? Siyo kwetu tu, mwaka 2020 huko Vatikano kardinali aliyekuwa anahusika na watawa alieleza kwamba Papa Fransisko ameanzisha nyumba Roma ya kuwapokea masista waliotoka au kuondolewa mashirikani na hawana pa kwenda. Papa Fransisko aliliona, basi na sisi kwenye jumuiya tuna nafasi ya kuliona. Kwenye michango ya kumpeleka binti tunajaza daftari, za kumpokea sijawahi kuona hata ukurasa.

Baba alinisemesha tena msimu wa kahawa. Alikuja na suruali yake mkononi, akasimama mlangoni, akasema hii unaweza kuipunguza? Nikasema naweza baba. Hatujawahi kuongelea tena hayo mambo mpaka alipofariki, ila ile suruali aliivaa Krismasi.

Sijaolewa, watu wanauliza, na siyo kwamba nasubiri kitu. Nasali asubuhi na jioni vile vile nilivyofundishwa, nafundisha mabinti wanne cherehani, nikishona kanzu ya mtoto wa altare najua ninachokifanya na kwa ajili ya nani.

Jumapili baada ya misa ya pili nilipanda kule juu. Mama yake alinikaribisha kwa wasiwasi, akidhani nami nimekuja kuchungulia. Binti alikuwa nyuma anakata majani ya ng'ombe, kajifunga kanga, nywele fupi. Nikamwambia Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia milele amina macho yako chini, alafu mkono wake ukapanda kwenye paji la uso ukasimama hapo. Nikamwambia wangu ulichukua miezi kama mitano kuacha. Akaniangalia sasa. Tukakaa kwenye lile rundo la majani, hatukuongea mengi, nikamuuliza kule walimfundisha nini akasema kupika hostia na kushona kidogo, mashine ya mguu.

Anakuja kesho saa mbili. Nimemwambia aje na mkasi wake kama anao, kama hana tutatumia wangu.