Nusu saa, kisha anazima: nilivyohangaika na mafuta ya mashine ya majani

Mashine yangu ya kukatia majani ni ile ya kukalia, ina usukani na magurudumu manne kama trekta dogo. Ni ya miaka ya tisini, injini ya pistoni moja, nguvu farasi 17, tangi chini ya kiti. Niliinunua mnadani ikiwa imeshachoka, na watoto wa mtaani kwetu Nzuguni wakaiita Kikongwe. Jina limekaa. Hata mke wangu akinipigia simu nikiwa kazini huuliza, "Kikongwe ameamkaje?"

Dodoma si mji wa kutajirikia majani. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 550 hadi 600 hivi, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka Novemba. Mimi nafanya kazi miezi mitano, Kikongwe analala saba chini ya turubai. Taabu yote ilianzia kwenye huo usingizi.

Zile mvua za El Niño za mwisho wa 2023 majani yaliota kama yamechokozwa. Nilikuwa na viwanja vitatu: hosteli moja Iyumbu, nyumba ya wageni Kisasa, na uwanja wa mpira wa shule. Nikavua turubai, nikachaji betri, nikapiga stata. Injini ikashika, ila kwa choki tu, yaani kile kizibo cha kupunguza hewa ili mafuta yazidi wakati wa kuwasha. Nikirudisha choki inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, mithili ya mtu mwenye pumu, halafu inazima.

Hilo nilikuwa nalijua. Nilinusa tangi, likanipiga harufu ya rangi ya mafuta iliyoachwa kwenye kopo wazi. Petroli ilikuwa humo tangu Mei. Ikikaa kwenye joto, ile sehemu nyepesi inayowaka upesi huruka kwanza, na inayobaki hugeuka gundi. Gundi nayo hukimbilia kwenye tundu dogo kuliko yote, yaani jeti ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini.

Nikamwaga petroli yote. Kwa mpira na mteremko, si kwa kufyonza kwa mdomo; msimu mmoja nilimeza funda na nikacheua petroli siku mbili. Kisha nikafungua boliti ya chini ya bakuli la kabureta. Kwa mashine hii hiyo si boliti ya kawaida, ni vali ya umeme: ufunguo ukiwashwa inajivuta na kuachia mafuta, ukizimwa inaziba. Kabla ya kuifungua, washa ufunguo utege sikio. Ikilia "tik", iko hai. Yangu ililia.

Ndani ya bakuli nikakuta ute wa rangi ya asali. Nikatoa jeti, nikaielekeza juani: giza, hata ncha ya mwanga haikupita. Hapa wengi huchukua sindano ya kushonea na kuanza kuchokoa. Mimi siigusi jeti kwa sindano, maana jeti ni ya shaba, laini, na ukiichubua tundu linapanuka. Mashine itakunywa mafuta mpaka uichukie. Nilichuna waya wa umeme, nikachomoa uzi mmoja mwembamba, nikaupitisha taratibu huku jeti imelowa petroli safi. Ikafunguka. Boya, kile kinachoelea ndani ya bakuli na kuziba mafuta yakijaa, nikalitikisa karibu na sikio, halikuwa na mafuta ndani. Nikaweka filta mpya (ya pikipiki inaingia vizuri kabisa), petroli mpya, nikapiga stata. Kikongwe akaunguruma. Nikajipongeza kwa chai na chapati mbili.

Kesho yake Iyumbu akakata nusu saa, akazima.

Hakuzima ghafla. Kwanza nguvu zilipungua kwenye majani marefu, akakohoa mara mbili, kimya. Nikapiga stata, wapi! Nikakaa kivulini robo saa, nikajaribu, akawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nusu saa nyingine, akazima tena. Mlinzi wa hosteli, mzee wa Kigogo, alikuja akanisalimu "Mbukwa", akaizunguka mashine, akaniambia vijana wawili wenye slasha wangekuwa wameshamaliza na kulipwa. Sikuwa na jibu.

Fundi wa pikipiki ninayemwamini alisikiliza maelezo hata hajanawa mikono. "Mzee, hiyo koili. Ikipata moto inakata." Maneno yenye akili, maana koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, hufanya hivyo kweli. Lakini siku iliyofuata Kikongwe alipozima tu, nilitoa plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, mpwa wangu akapiga stata. Cheche ya bluu, nzuri. Tena plagi ilikuwa kavu kama jiwe. Kama cheche ndiyo imekosekana, plagi hutoka imelowa petroli. Kavu maana yake mafuta hayafiki.

Basi pampu. Tangi liko chini kuliko kabureta, kwa hiyo kuna pampu ndogo ya utando inayovuta mafuta. Haitumii umeme wala mkanda. Pistoni ikipanda na kushuka inasukuma na kuvuta hewa ndani ya injini, na hewa hiyo hupitia kampira kembamba mpaka kwenye utando wa pampu. Nikachomoa mpira unaoingia kabureta, nikauelekeza kwenye chupa, tukapiga stata: chu, chu, chu, petroli ikaruka vizuri. Kale kampira ka hewa kalikuwa kamepasukapasuka kwa jua, nikakabadilisha. Hapakuwa na tofauti.

Nikaamua kabureta yenyewe imekufa. Nikaagiza nyingine Dar es Salaam, ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Nane Nane na kulipa elfu sabini bila kulalamika, kwa kuwa nilikuwa na uhakika. Nikaifunga usiku kwa taa ya simu. Asubuhi, nusu saa, akazima.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingenipa jibu kama ningekuwa mtulivu. Nikijaza tangi mpaka juu, anazima mapema zaidi. Tangi likiwa nusu, anavumilia hata dakika hamsini. Mimi nikatafsiri kwamba petroli ya kituo ninachonunulia ni mbaya, kwa hiyo kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo anavyoumwa. Nikahamia kituo kingine. Naomba radhi kwa maneno niliyoyasema juu ya kile cha kwanza.

Jibu alilitoa mpwa wangu, na wala hakuwa analitafuta. Tulikuwa uwanja wa shule, Kikongwe amezima katikati ya goli, mimi nimeshika kiuno. Kijana akainua kiti, akafungua mfuniko wa tangi ili aone kama mafuta yamebaki. Likatoka "fyuuu", refu, kama unafungua chupa, ila hewa ilikuwa inaingia.

"Mjomba, hili tangi linavuta pumzi."

Nikamwambia apige stata hapo hapo, bila kusubiri robo saa. Akawaka mara moja.

Mafuta yakitoka kwenye tangi lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na njia yake ni vitundu vidogo vya kwenye mfuniko. Vikiziba, pampu inavuta na tangi linavuta, mpaka pampu inashindwa na bakuli la kabureta linakauka. Ukisubiri, hewa hujipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana aliwaka baada ya kupumzika. Na tangi likijaa, nafasi ya hewa juu ya mafuta ni finyu, mvutano unafika upesi.

Lakini kilichonikera ni kwamba nilikuwa nauficha ugonjwa kwa mikono yangu. Kila nilipotaka kupima pampu nilianza kwa kufungua mfuniko kuangalia kiwango cha mafuta. Hewa inaingia, pampu inarusha petroli vizuri, mimi naandika moyoni: pampu nzima. Hata kabureta mpya niliifunga mfuniko ukiwa juu ya ndoo.

Nikaugeuza mfuniko. Upande wa ndani una kisahani chenye vitundu viwili, na vyote vilikuwa vimejaa tope lililokauka, vumbi letu jekundu limegandamana na petroli mpaka likawa kama saruji. Turubai halikulizuia. Nikauloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikausugua kwa mswaki, na ile sindano niliyoinyima jeti hapa ikapata kazi. Nikaukausha juani, nikapuliza, hewa ikapita. Kwa nusu siku ile tulimaliza uwanja, magoli yote mawili, na tulisimama mara moja tu, kuongeza mafuta.

Sasa hivi mvua zikikata namwaga tangi, kisha nawasha injini mpaka izime yenyewe ili bakuli nalo liwe tupu. Mfuniko naufunga kwa mfuko wa nailoni na mpira wa manati. Kabureta ya zamani nimeirudisha, inafanya kazi. Ile mpya ipo kwenye boksi lake juu ya kabati. Mke wangu akifuta vumbi huiinua, hufuta chini yake, huirudisha, ananitazama.