Mtambo wa upepo na usingizi wa jirani

Kuna ugomvi unaojirudia karibu kila palipo na mtambo mdogo wa upepo jirani na nyumba za watu. Mwenye mtambo anasema hasikii kitu. Jirani anasema hajalala. Wote wawili husema kweli, na ndiyo maana ugomvi hukomaa: kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Tuanze na usiku. Jua likizama ardhi hupoa na hewa ya karibu na ardhi hutulia, lakini juu mnarani, mita 12 au 18 kutoka chini, upepo unaweza kuendelea kuvuma. Mapanga yanazunguka huku majani ya miti hayachezi, kwa hiyo hakuna mchakacho wa kuifunika sauti. Kisha kuna mwelekeo. Sauti inayokwenda pamoja na upepo hupinda kuelekea chini, na inayokwenda kinyume chake hupinda juu na kuwapita watu. Jirani aliye upande upepo unakoelekea atasikia kile ambacho mwenye mtambo, aliyelala upande wa pili, hakisikii hata akiwa karibu zaidi. Masikio ya mtu mmoja hayatoshi kuamua jambo hili.

Umbali nao una hesabu yake. Kila unapokuwa mara mbili, sauti hupungua takribani desibeli 6, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti: 55 kwa mita 10, 49 kwa mita 20, 43 kwa mita 40. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kelele kwa kanda ya Ulaya wa mwaka 2018, lilipendekeza wastani wa saa 24 usiofikia desibeli 45 kwa mitambo ya upepo, jioni na usiku vikipewa uzito zaidi. Hata hivyo lilikiri kuwa pendekezo hilo lina masharti, na kwa usiku peke yake halikuweka kiwango. Mimi wastani huo haunitoshi. Mluzi mwembamba wa desibeli 38 unaweza kumkosesha mtu usingizi kuliko sauti ya 45 inayofanana na upepo wenyewe.

Ndiyo sababu swali la kwanza kwa jirani liwe: sauti yenyewe ikoje? Fyu-fyu, mluzi, mvumo au kugonga? Kila moja ina chanzo chake.

Fyu-fyu hutoka kwenye ncha za mapanga. Zidisha kipenyo kwa 3.14, zidisha tena kwa mizunguko kwa dakika, kisha gawanya kwa 60. Mapanga ya kipenyo cha mita 2.4 yakizunguka mara 400 kwa dakika, ncha zinakata hewa kwa mita 50 hivi kwa sekunde. Nguvu ya sauti hiyo hukua kwa takribani kipeo cha tano cha kasi, kwa hiyo mizunguko ikipanda hadi 600, kelele inaongezeka karibu desibeli 9. Basi cha kuuliza ni kwa nini mtambo unakimbia hivyo, na mara nyingi jibu ni kwamba hauna mzigo. Betri zimejaa, kidhibiti chaji kimekata, alteneta, yaani mashine inayogeuza mzunguko kuwa umeme, haina cha kuizuia. Dawa yake ni hita ya kumwagia umeme wa ziada, yenye uwezo usiopungua umeme wa juu kabisa wa mtambo: mtambo wa wati 1,000, hita ya wati 1,000 au zaidi, mahali penye hewa na mbali na chochote kinachoshika moto. Hita hiyo ikaguliwe mara kwa mara, maana waya wake ukikatika ishara ya kwanza huenda ikawa ni jirani kulalamika.

Mluzi hutafutwa kwenye kingo. Mchanga na mvua hula ukingo wa mbele, hasa karibu na ncha. Ziba mashimo, piga msasa, bandika utepe wa kukinga kwenye mapanga yote kwa urefu uleule ili uzito usipishane. Ukingo wa nyuma ukiwa mnene nao hupiga mluzi. Kwa mapanga ya mbao unaweza kuupunguza hadi milimita 1 au 2. Kama mluzi unaendelea hata mapanga yakiwa yamesimama, usiyaguse. Unatoka kwenye waya za kushikilia mnara.

Mvumo ndio msumbufu kuliko zote, kwa sababu huingia ndani ya kuta. Alteneta yenye jozi 6 za sumaku, kwa mizunguko 400, hutoa umeme wa hezi 40, yaani mitikisiko 40 kwa sekunde. Ukipita kwenye daraja la diodi za njia tatu, kifaa kinachougeuza uwe wa kuchaji betri, nguvu inayozuia mzunguko hutikisika mara sita ya hapo, yaani hezi 240, na sikio linaisikia vizuri. Mnara wa bomba tupu unaipokea na kuikuza. Raba kati ya alteneta na mnara husaidia. Kujaza bomba mchanga mkavu husaidia pia, lakini pima kwanza: bomba la upana wa ndani wa sentimita 10 na urefu wa mita 12 litabeba mchanga wa kilo 150 hivi, na mnara wa kulaza kwa winchi huenda usiumudu uzito huo. Kama mtambo umefungwa kwenye ukuta au paa la nyumba, sina ushauri wa raba. Nyumba nzima inakuwa ngoma. Uondoeni, mkausimamishe kwenye msingi wake wa zege.

Kugonga ni beringi, bolti iliyolegea, au mapanga yasiyolingana uzito. Anza na bolti.

Kipimo kifanywe na wote wawili wakiwepo. Weka kifaa cha kupima sauti chenye sponji ya kukinga upepo kwenye kimo cha mita 1.5, mbali na kuta, kwa sababu upepo ukikipiga moja kwa moja utasoma kelele isiyokuwepo. Pima mtambo ukizunguka, usimamishe, pima tena. Ikiwa 45 imeshuka hadi 42, mtambo peke yake ni desibeli 42, sawa na mazingira. Tofauti ikiwa chini ya 3, kipimo hicho hakiwezi kumshinda yeyote. Kila mmoja aandike pia daftari lake: jirani saa na aina ya sauti, mwenye mtambo mizunguko, hali ya betri na mwelekeo wa upepo. Yakilinganishwa, chanzo huonekana.

Na kuna makubaliano ambayo naona wenye mitambo huyaogopa bure. Nguvu ya upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi: upepo wa mita 4 kwa sekunde una moja ya nane tu ya nguvu ya upepo wa mita 8. Usiku wa upepo mdogo, pale jirani anaposikia kila kitu, mtambo unazalisha kidogo mno. Kuusimamisha kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, upepo ukiwa chini ya mita 5 kwa sekunde, ni kupoteza umeme mchache. Breki ya kuunganisha pamoja nyaya tatu za alteneta hushika vizuri kwenye kasi hiyo. Kwenye upepo mkali isitumike ovyo: mapanga yanaweza kuishinda, na koili zikaungua. Swichi ikae chini ya mnara, na kikomo hicho cha upepo kiandikwe juu yake.