Nilivyomtafuta Babu Katika Karatasi za Manowari

Nyumbani kwetu Likoni, babu mzaa baba hatajwi bila kutajwa manowari. Kila aliyemkumbuka alisimulia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa baharia wa Mwingereza, kwamba meli yake ilipigwa na Wajapani katikati ya Bahari ya Hindi, na kwamba aliokolewa baada ya kuelea juu ya ubao siku mbili. Alifariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikupata kumwuliza. Nilipoanza kutafuta kumbukumbu zake za utumishi mwaka 2021, nilitaka kujua jina la meli hiyo tu, ili liingizwe katika nasaba ya ukoo ambayo ami yangu alikuwa akiikusanya.

Nilianzia kwa shangazi, aliyekuwa na kasha la bati la babu chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na nishani mbili na karatasi moja iliyokunjwa. Nishani ya kwanza ilikuwa nyota ya rangi ya shaba yenye ncha sita, iliyoandikwa miaka 1939–1945. Ya pili ilikuwa ya duara, nyeupe kama fedha, upande mmoja ikiwa na kichwa cha Mfalme George wa Sita na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Niliigeuza mara kadhaa, nikapitisha kidole ukingoni nikitafuta jina, nisione kitu. Baadaye nilifahamu kwamba nishani za Uingereza za vita vile kwa kawaida zilitolewa bila kuchongwa jina la mpewa, tofauti na zile za Vita vya Kwanza, kwa hiyo anayetegemea nishani impe jina atasubiri sana. Hata hivyo nyota ile haikuwa bubu. Kwa kawaida mwanamaji aliipata baada ya kutumikia miezi sita baharini katika eneo la mapambano, na hilo lilitosha kumnyamazisha jamaa yetu mmoja aliyezoea kusema kwamba babu alikuwa kuli wa bandarini aliyevaa kofia ya baharia.

Karatasi ilikuwa cheti cha utumishi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Katika vyeti vya aina hiyo huwa kuna maelezo yaliyopigwa chapa yanayosema kwamba kona ya karatasi ikatwe iwapo mwenye nayo ameachishwa kazi kwa tabia mbaya au kwa fedheha. Kona ya juu ya cheti cha babu haikuwepo. Nilikaa nacho wiki nzima bila kumwambia mtu, nikiwaza kama miaka yote hii tumekuwa tukimsifu mtu aliyefukuzwa. Siku moja niliikunja tena karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, nikaona kwamba kona ya chini nayo ilikuwa na pengo la umbo lilelile, na kwamba mapengo hayo mawili yalilaliana barabara. Mkasi wa karani ungekata kona moja. Aliyekula zote mbili kwa pamoja alikuwa mdudu, naye alikuwa amefanya kazi yake kasha likiwa limefungwa.

Kwa bahati mbaya mdudu huyo alikula pia mistari iliyokuwa na majina ya meli. Nikaandika barua kwa ofisi ya kumbukumbu za wanajeshi nchini Uingereza, nikalipa ada ya pauni 30 na kuambatisha cheti cha kifo, ambacho kukipata kulinichukua miezi minne kwa sababu babu alizikwa kijijini bila mtu kufikiria msajili. Jibu lilikuja: hakuna mtu wa jina hilo.

Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lao. Jina la babu lina sehemu tatu, yaani lake, la babake na la babu yake, na katikati kuna «bin». Sisi humjua mtu kwa jina la kwanza, lakini karani Mwingereza alilichukua la mwisho akadhani ndilo la ukoo, akamworodhesha kwa jina la mzee aliyekuwa kaburini tangu kabla ya reli. Tena majina yetu yaliandikwa kwa sikio. Hamisi aliweza kuwa Khamis kwa karani mmoja, Hamis kwa mwingine, na Amisi kwa wa tatu aliyekuwa na haraka. Kilichobaki bila kubadilika kilikuwa namba ya utumishi, ambayo mdudu aliiacha salama juu ya cheti. Niliandika upya nikitanguliza namba, nikaorodhesha tahajia sita za jina, na safari hii nikaletewa nakala ya kadi ya ukurasa mmoja. Safu ya tabia ilikuwa na herufi VG, yaani njema sana, mwaka baada ya mwaka. Nilimpelekea shangazi habari hiyo kabla ya nyingine zote.

Kadi ilisema kwamba babu alikuwa katika kikosi cha akiba cha wanamaji cha Kenya, kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1933, na kwamba kuanzia mwaka 1942 hadi alipoachishwa mwaka 1946 alikuwa «Tana». Nilitafuta manowari iitwayo Tana kwa wiki mbili. Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Mtongwe, mstaafu wa jeshi la wanamaji la Kenya, aliyeitazama kadi kidogo tu akacheka. «Mwanangu,» akasema, «Tana si meli. Tana ni nchi kavu.» Alinieleza kwamba Waingereza huziita kambi zao za pwani kwa majina kama ya meli, na kwamba HMS Tana ilikuwa kambi yao ya Kilindini. (Viwanja vyao vya ndege za majini walivipa majina ya Kiswahili pia: Kipanga kilikuwa Kilindini, Kilele Tanga, na Korongo Nairobi, ambako bahari haipo kabisa.) Kisha akaweka kidole juu ya neno dogo ndani ya mabano, ambalo nilikuwa nimelipuuza nikidhani ni maelezo ya karani. Mabaharia wa vyombo vidogo waliandikwa katika daftari la kambi, na jina la chombo chenyewe likawekwa kwenye mabano. Babu alikuwa ndani ya mabano.

Chombo hicho kilikuwa meli ndogo ya uvuvi iliyogeuzwa kuwa ya kufagia mabomu ya majini. Nyumba ya Kumbukumbu ya Taifa, Nairobi, ilinipa mengi kuhusu bandari na machache kuhusu mabaharia. Binti wa shangazi, anayeishi London, ndiye aliyeenda Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kwa niaba yangu, akapewa kadi ya msomaji, akaruhusiwa kuingia na penseli tu na kupiga picha kwa simu bila malipo. Daftari za safari za meli ndogo za miaka hiyo nyingi hazikuhifadhiwa, basi nilimwomba apekue faili za kundi la ADM 199, zenye taarifa za misafara na za vituo. Humo, chombo cha babu kilitajwa mara kwa mara kikifagia mlango wa Kilindini, ambako meli za kivita za Uingereza chini ya Admirali James Somerville zilihamia baada ya Wajapani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili 1942. Hakikutajwa popote kuwa kimezama.

Nilipolinganisha tarehe, nadhani nilipata chimbuko la ubao. Mwezi Februari 1944 msafara wa KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo, na tarehe 12 meli ya Khedive Ismail ikapigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Siku hiyo babu alikuwa bado katika mabano yaleyale. Huenda chombo chake kilifagia njia waliyopita askari hao, lakini faili haisemi hivyo, nami sikuandika hivyo.

Nilimsomea ami kila kitu barazani baada ya alasiri. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, «Na ubao?» Nikamwambia kwamba kwa karatasi nilizoziona, ubao haukuwa wa babu. Ami aliandika katika nasaba kwa wino jina, namba, Tana, na jina la chombo ndani ya mabano. Kisha akachukua penseli, na pembeni mwa ukurasa akaandika neno «ubao» kwa herufi ndogo, akafunga daftari.