Theluji ya Raate kwa katani ya Tanga

"Baba, nani kaikojolea theluji?"

Binti yangu ana miaka sita na hana simile. Nikasogea kabatini kutazama. Kweli bwana. Diorama yangu, yaani mandhari ndogo ya kuunda kwa mkono, niliyoimaliza miezi minne nyuma ikiwa nyeupe pe, sasa ilikuwa na mabaka ya manjano kuzunguka kifaru cha vita. Theluji ile niliitengeneza kwa magadi ya kupikia na supaglu. Unamwaga magadi, unadondosha gundi juu yake, vinaganda papo hapo kama saruji. Nilijiona fundi. Kumbe mchanganyiko ule ukikaa hugeuka manjano, na hakuna rangi ya juu itakayouficha kwa muda mrefu.

Naishi Oulu, kaskazini mwa Ufini, na jioni za Desemba ni ndefu mno kwa mtu aliyekulia Tanga. Ndiyo maana nilianza kuunga vifaru vya plastiki, vile vidogo vya kipimo cha 1/72, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 72. Baadaye nikataka kuvipa mahali pa kusimama, nikachagua barabara ya Raate, iliyo kama saa tatu kwa gari kutoka kwangu.

Kwa asiyeijua habari hii: tarehe 30 Novemba 1939 jeshi la Kisovieti liliivamia Ufini, na vita vilidumu siku 105, hadi Machi 1940. Divisheni ya 44, ambayo askari wake wengi walitoka Ukraine, ilitumwa kupitia Raate kwenda kuiokoa divisheni nyingine iliyokwama Suomussalmi. Ikajikuta imetandazika kwenye barabara moja nyembamba ya msituni, zaidi ya kilomita 20, theluji ikiwa imewafunga kushoto na kulia. Wafini walikuja kwa skii, vile vibao virefu vya kutelezea juu ya theluji, kutoka porini, wakaukata msafara vipande vipande. Mwanzoni mwa Januari 1940 mambo yalikuwa yamekwisha. Kamanda wake, Alexei Vinogradov, aliponea porini akaenda kupigwa risasi na serikali yake mwenyewe siku chache baadaye.

Vile vipande Wafini waliviita motti. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyenieleza neno hilo huku akipanga kuni zake nje: motti ni kuni zilizokatwa na kupangwa, mita moja kila upande, tayari kwa kuchomwa. Hapa watu huitana kwa majina tu, hata mkwe na mkwewe, nami kwa Kifini namwita jina lake kama wengine. Moyoni ni mzee, na nikimwita jina lake tupu bado nahisi kama namkosea adabu.

Nilimwonyesha ile kazi ya kwanza kabla ya manjano kutokea. Akavaa miwani, akainama, akanyamaza. Kisha akaniuliza siku hiyo kulikuwa na joto kiasi gani. Sikumwelewa. Akanionyesha mibarafu niliyoining'iniza kwenye mzinga wa kifaru, na vanishi inayong'aa niliyopaka juu ya theluji ili ionekane ya baridi. "Hii ni theluji ya mwezi wa nne," akasema. Raate ilikuwa nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo hakuna maji, na pasipo maji hakuna kinachodondoka wala kung'aa. Theluji ni kavu kama unga wa sembe, haigandi ukutani, ukiipuliza inaruka. Miaka mitano nimeishi nayo mlangoni, nimeikokota kwa koleo kila asubuhi, na bado nilikuwa natengeneza theluji ya kadi za Krismasi.

Kosa la tatu nililigundua mwenyewe. Kifaru changu, T-26 ya Kisovieti, nilikipaka chokaa chote, kwa akili ya haraka kwamba vita vya theluji ni vifaru vyeupe. Jeshi la Ufini limeweka wazi picha zake za wakati wa vita, kama 160,000, na nilipokaa nazo usiku mzima nikaona magari ya Raate ni ya kijani kibichi, yameduwaa kwenye weupe kama nzi kwenye maziwa. Askari nao ni makoti marefu ya rangi ya udongo. Waliovaa mashuka meupe ni Wafini. Habari nzima ya mahali pale iko kwenye rangi hizo mbili, nami nilikuwa nimeifuta kwa brashi.

Nikavunja yote, nikabakiza kifaru tu.

Msingi mpya niliukata kwenye lile povu gumu linalokuja na tivii, sentimita 20 kwa 25. Kabla ya kugusa gundi nilikaa na kikokotoo, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye rangi zote. T-26 yenye urefu wa mita 4.65 inakuwa sentimita 6 na nusu. Mtu anakuwa milimita 24. Theluji ya kufika mapajani, sentimita 60, ni milimita 8 tu. Na chembe ya chumvi yenye milimita moja, ambayo wengi hushauri itumike kwa theluji, kwa kipimo hiki ni jiwe la sentimita 7! Askari wako anatembea juu ya kokoto. Kitu pekee nilichopata chenye chembe ndogo za kutosha ni ule unga wa vidunge vya kioo wanaouza maduka ya boti kwa ajili ya kuongezea kwenye resini. Ni mwepesi kiasi kwamba ukikohoa nusu kopo linahama, kwa hiyo vaa barakoa. Si kitu cha kuvuta mapafuni.

Huo unga niliuchanganya na gundi nyeupe ya seremala, rangi nyeupe isiyong'aa, na tone moja la buluu, moja kweli, maana mara ya kwanza niliweka matatu nikapata bahari ya Pangani. Uzito wake uwe wa uji wa mgonjwa. Unatandaza kwa mgongo wa kijiko, na kabla haujakauka unachekecha unga mkavu juu yake kwa kichujio cha chai. Mke wangu ana kichujio kipya sasa.

Barabara yenyewe sikuifanya nyeupe. Theluji iliyopitiwa na magari, farasi na maelfu ya buti ni kahawia na kijivu, ina samadi, ina masizi. Nilipaka kahawia, nikapitisha nyeupe kwa brashi kavu, nikaacha mitaro miwili ya matairi.

Miti ndiyo iliyonifurahisha. Misonobari ya Kainuu, mkoa ilipo Raate, ni myembamba, imesimama kama mishumaa, matawi yameinama kwa uzito. Ile ya dukani ni ya bei mbaya na imenona mno. Basi nikakumbuka kamba ya katani niliyofungia sanduku nilipokuja kutoka nyumbani. Nikaifumua, nikakata nyuzi za sentimita 4 na 5, nikazipanga kati ya nyaya mbili za shaba, ncha moja nikaibana kwenye drili, nyingine nikaishika kwa koleo. Drili ikizunguka taratibu nyaya zinajisokota, na katani inachanua pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Baada ya hapo ni mkasi tu, unapunguza kuanzia juu kwenda chini. Mti wa mita 14 unatoka karibu sentimita 20. Nilipaka kijani cheusi, nikarushia gundi iliyozimuliwa kwa maji, nikachekecha unga nikiwa nimeusimamisha wima ili theluji itue juu ya matawi tu. Nilipata miti kumi na mmoja kwa futi mbili za kamba, na chumba kizima kilinuka karakana ya mkonge.

Maiti sikuweka. Nimeziona kwenye picha zile, na sikuona mikono yangu ina haki ya kuzipanga mezani kwa kibano. Badala yake niliweka jiko la magurudumu lililopinduka, dohani yake imelala. Wafini walikuwa wakiyalenga majiko hayo makusudi. Mtu asiye na supu ya moto kwenye baridi ile hana siku nyingi. Pembeni yake farasi mmoja amesimama peke yake, hatamu inaburuta, mgongo wake una jalidi niliyoigusa kwa ncha ya brashi. Kifaru kiko nyuma, kijani, mlango wa juu wazi.

Mwisho zikaja alama za skii. Nilifunga waya mbili sambamba, nikazivuta kwenye uji wa theluji ulioanza kushika, kutoka msituni hadi ukingo wa barabara na kurudi. Ukiwahi, mfereji unajifunika, ukichelewa, unapasuka. Kwangu ilikuwa kama dakika arobaini. Halafu kwa sindano nikatoboa alama za fimbo za kujisukumia, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Watu wenyewe wameshaondoka.

Mzee alipoiona alikaa nayo muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Aliuliza miti nimeinunua wapi, nikamwambia Tanga, akadhani namtania. Kisha akaweka kidole juu ya njia moja ya skii, bila kuigusa, akaifuata hadi msituni. Alama za fimbo zilikuwa upande wa kulia tu. Nilisahau za kushoto.

"Huyu amevunja fimbo?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, imevunjika kule barabarani. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaomba kahawa. Sijairekebisha.