Rangi iliyo katikati ya vituo

Ardhi ya kwetu Makunduchi ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Maji ya mvua yanayopenya humo huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi, na yakishatulia, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 nyingine chini yake. Anayechimba kupita hapo huifikia chumvi. Kwa hiyo natamani sana tulione tabaka hilo kabla ya kuchimba.

Umeme hupita kwa wepesi penye chumvi na kwa taabu penye jiwe kavu, nasi huweka kifaa kwenye vituo, yaani sehemu tulizochagua, tukapima uga wa umeme na uga wa sumaku juu ya ardhi kwa mawimbi ya masafa mbalimbali, yaani idadi mbalimbali za mitetemo kwa sekunde (hezi). Ukinzani, yaani kiasi ambacho ardhi huuzuia umeme, hupimwa kwa omu-mita. Ukiwa omu-mita 100, wimbi la hezi 1,000 huzama kama mita 160 kabla ya kubakiwa na theluthi hivi ya nguvu yake. Ukiwa omu-mita 4, huzama mita 32 tu. Kisha hufuata hesabu ya kinyume: kompyuta huigawa ardhi katika maelfu ya vijumba vya pande tatu, hukadiria ukinzani wa kila kimoja, hukokotoa vipimo ambavyo ardhi ya namna hiyo ingetoa, na hurekebisha makadirio hadi vikaribiane na vile tulivyovipata.

Tatizo ni kwamba vijumba ni vingi kuliko vipimo, hivyo ardhi nyingi zisizofanana huweza kutoa vipimo vilevile. Mwanahisabati Mrusi Andrey Tikhonov alituachia dawa ya kuongeza sharti, na sharti lililozoeleka zaidi ni kwamba ukinzani usibadilike ghafla kutoka kijumba hadi kijumba. Sharti hilo nalithamini, lakini vituo vikiwa vichache ndilo linalochora sehemu kubwa ya picha. Nilijitungia ardhi yenye pango, nikakokotoa vipimo vyake, kisha nikaondoa vituo kimoja baada ya kingine: pango lilififia, likatanuka, mwishowe likatoweka, ilhali hesabu iliendelea kuafikiana vizuri na vipimo vilivyosalia.

Bahari nayo lazima iingizwe ndani ya vijumba. Ukinzani wake ni kama omu-mita 0.2, kwa hiyo huvuta mikondo na kupotosha vipimo hata vya bara. Na kwa kuwa Makunduchi iko kwenye kona ya kusini-mashariki ya Unguja, pwani ikijipinda, mstari mmoja wa vituo unaochukuliwa kana kwamba pwani imenyooka hautoshi.

Baba mdogo aliiona picha yangu akaweka kidole penye buluu, rangi ya maji matamu, akitaka kisima kichimbwe hapo.

"Baba, hapo sikupima," nikamwambia. "Rangi hiyo imejazwa na hesabu kutoka vituo vya jirani."

Akanyamaza kidogo, akaniuliza kifaa kiko wapi. Kesho yake asubuhi tulikwenda wote, yeye akitangulia kukata vichaka, tukaweka kituo pale pale alipopaonyesha.