Siku moja maishani mwangu: Darasa la Pili, watoto 72 na slaidi zinazopanga siku

Saa 11:30 alfajiri

Kabla ya kubandika maji ya chai nafungua kompyuta mpakato. Faili la leo nililimaliza jana jioni, kwa hiyo nabadilisha tarehe na zamu tu. Leo kundi la Nyati wanafuta ubao, Swala wanagawa madaftari, Kiboko wanashika ndoo ya maji ya kunawa. Nina makundi tisa ya watoto wanane wanane, yote yamepewa majina ya wanyama wa Mikumi, kwa kuwa hifadhi hiyo iko mkoani kwetu na watoto wanaipenda hata wale ambao hawajawahi kufika.

Niseme mapema jambo ambalo wenzangu wengi huniuliza. Slaidi zangu nyingi hazifundishi somo. Somo nafundisha kwa ubao, kwa kadi na kwa vizibo vya soda. Slaidi zinamwambia mtoto afanye nini sasa hivi, kwa sauti gani na kwa muda gani. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, mimi ninao 72, na katika darasa la namna hiyo kinachommaliza mwalimu ni "toa daftari, andika tarehe, kaa vizuri, nyamaza" kutwa nzima, kuliko hata kufundisha kwenyewe. Maneno hayo nimeyahamishia ukutani. Sauti yangu naitunza kwa ajili ya kufundisha.

Saa 1:00 asubuhi

Niko shuleni, Manispaa ya Morogoro. "Shikamoo mwalimu" zinaanzia getini. Watoto wako kwenye usafi na mimi natandaza waya. Projekta tulinunuliwa na wazazi kupitia kamati ya shule, kwa hiyo kila siku naitoa ofisini na kila siku nairudisha.

Picha naimulika kwenye ukuta ulio kushoto mwa ubao, tuliupaka rangi nyeupe. Ubao wenyewe siugusi. Mwalimu akiufunika ubao kwa slaidi amejinyima mahali pa kuandikia. Madirisha ya upande wa mashariki nimeyatundikia vitenge vyenye rangi nzito, maana jua la asubuhi likiingia picha yote inafifia. Waya wa ekstensheni naubandika sakafuni kwa gundi ya karatasi ili mtoto asijikwae.

Saa 2:00 asubuhi

Wanatoka mstarini na kukuta slaidi ya kwanza ikiwasubiri: picha ya mfuko, picha ya daftari, picha ya jicho, na sentensi tatu fupi. *Weka mfuko chini. Toa daftari la Kusoma. Soma maneno haya kimya.* Chini yake kuna maneno ya leo: mbwa, mbweha, nywele, kinywa, mnyweshe.

Sentensi hazizidi tatu na herufi ni kubwa, ili mtoto wa dawati la mwisho asome bila kukunja uso. Fonti ninayotumia ni Andika, iliyotengenezwa na SIL, shirika linaloshughulikia lugha, kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Inapatikana bure, na herufi a na g zimeumbwa kama tunavyowafundisha watoto kuziandika kwa mkono. Kwa mtoto wa darasa la pili hilo ni jambo kubwa. Akiona a yenye kofia, ya kwenye magazeti, anaweza kudhani ni herufi nyingine kabisa. Vipepeo vinavyorukaruka na nyota zinazozunguka siweki, kwa sababu mtoto atamwangalia kipepeo na sentensi ataiacha.

Wakati wanasoma, viongozi wa makundi wananiletea majina ya wasiofika nami najaza daftari la mahudhurio. Hakuna anayepaza sauti. Kisha nafundisha zile silabi zenyewe, na kwa muda wote huo nabonyeza herufi B kwenye kibodi ili ukuta uwe mweusi. PowerPoint, programu ninayotengenezea slaidi, inafanya hivyo ukiwa katikati ya onyesho, na ukibonyeza B tena picha inarudi. Kama sina agizo jipya, ukuta hauna la kusema.

Saa 2:30 asubuhi

Kubadili kipindi ndiko kunakoharibu siku ya darasa kubwa. Vipindi vyetu ni vya dakika 30, na dakika kumi zikipotelea kwenye madaftari umebaki na somo gani?

Dawa yangu ni slaidi tano zinazofuatana. Ya kwanza ina masanduku matano ya kijani, ya pili manne, na kuendelea hadi moja, ambalo ni jekundu. Kila slaidi nimeipangia ijibadilishe yenyewe baada ya dakika moja. Juu pameandikwa: *Rudisha daftari la Kusoma. Toa daftari la Kuhesabu. Chukua vizibo 20.* Mtoto ambaye hajaijua saa anajua masanduku yamebaki mangapi, na wanahimizana wao kwa wao.

Leo binti mmoja wa kundi la Swala alisimama na vizibo mkononi huku jirani yake akiwa bado ameshika daftari la Kusoma. Nilidhani atamsemea kwangu. Badala yake aliweka kidole hewani, akakielekeza ukutani na kumsomea taratibu: "To-a da-fta-ri la Ku-he-sa-bu." Jirani naye akarudia silabi kwa silabi, akabadili daftari. Mwaka ulipoanza binti huyu alikuwa akiotea maneno kwa kutazama picha. Hili ndilo linalonifanya nizitetee slaidi hizi kwa moyo wote. Mtoto anasoma maagizo mara nyingi kwa siku, na kila anachosoma kina matokeo hapo hapo. Kitabu cha kiada kina kazi yake, lakini hakimpi nafasi nyingi kiasi hicho.

Katikati ya kujumlisha, mamoja 13 yakitoa kumi moja, kelele zikapanda. Slaidi ya 20 kwenye faili langu siku zote ni ile ya sauti: mdomo uliofungwa, watoto wawili wakinong'onezana, kundi likizungumza. Naandika 20, nabonyeza Enter, inafunguka hapo hapo bila kupitia nyingine. Leo mshale ulikuwa kwenye kunong'ona. Wakashuka.

Saa 4:00 asubuhi

Uji. *Nawa. Chukua kikombe. Panga mstari.*

Saa 4:50 asubuhi

Umeme umekatika. Kompyuta ina chaji lakini projekta haina. Kiongozi wa darasa anakwenda mwenyewe kwenye kabati na kuleta karatasi za manila. Nimezichora picha zilezile: mfuko, daftari, jicho, mdomo uliofungwa. Tunazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo na siku inaendelea. Anayetaka kuanza na slaidi ningemshauri aanze na manila kwanza. Watoto wakishauzoea utaratibu, karatasi inatosha, na projekta itaukuta utaratibu tayari.

Saa 6:00 mchana

*Okota karatasi. Nyanyua kiti. Funga dirisha.* Wengi wanakwenda nyumbani, nabaki na wale wanaohitaji msaada zaidi wa kusoma. Hapa natumia kishikwambi, mojawapo ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye serikali ikavigawa kwa walimu. Nimetengeneza slaidi zenye silabi moja moja: ba, be, bi, bo, bu. Mtoto anateleza kwa kidole mwenyewe, akikwama anarudi nyuma, na hakuna anayemcheka.

Kuwachekesha wengine kwa gharama ya mtoto ni jambo nisilolivumilia. Nimewahi kushauriwa niweke ukutani majina ya wapiga kelele au ya walioshindwa hesabu. Siwezi. Jina la mtoto kwenye ukuta wangu linaonekana akiwa zamu, basi. Maendeleo yake yapo kwenye daftari langu, na mzazi wake akija nampa kiti tunazungumza sisi wawili.

Saa 8:00 mchana

Andalio la somo la kesho, kisha faili la kesho. Sianzi upya. Nanakili la leo, nabadili maneno na madaftari, naiacha slaidi ya 20 mahali pake. Ikihamishwa watoto hawatajua, ila mimi nitahangaika mbele yao. Nahifadhi kwenye kompyuta na kwenye flashi, maana intaneti siitegemei.

Saa 9:30 alasiri

Mwalimu wa darasa la kwanza amekuja na flashi yake. "Dada, nipe zako zote nianze kesho."

Nimempa tatu: ya asubuhi, ya masanduku na ya sauti. Nimemwomba afute sentensi zote na kubakiza picha na neno moja moja, *kaa*, *toa*, *nawa*, kwa kuwa watoto wake ndiyo kwanza wanaunganisha silabi. Pia akae wiki nzima na ile ya asubuhi peke yake, afanye nao kwa vitendo, kabla ya kuongeza ya pili. Amesema wiki ni nyingi. Nimemwambia anijibu Ijumaa.